Mshale Unasoma Robo

Katika Kiswahili cha madereva wa Masasi na Newala, geji ya mafuta haisomwi na mtu, husoma yenyewe. "Mshale unasoma robo," atasema dereva wa Hiace anayesubiri abiria wajae. "Yangu haisomi siku hizi," atajibu mwenzake. Na wa tatu, mwenye gari lililozeeka kuliko yeye, atacheka: "Heri yako wewe. Yangu inasoma, lakini inasoma uongo."

Wanasarufi wakali wanaweza kulalamika kwamba chombo hakina macho. Mimi sina ugomvi na kauli hiyo. Mita ya maji husoma, mita ya umeme husoma, kipimajoto husoma. Lugha yetu imekwisha kuamua kwamba kifaa kinachotupa habari za kitu kisichoonekana ni msomaji. Na mtu aliyekaa darasani zaidi ya miaka 30 akisikiliza vijana wakisoma ufahamu kwa sauti anajua kwamba wasomaji si wa aina moja. Yupo asomaye kila neno. Yupo aanzaye kwa mwendo wa kinyonga, kisha akihisi kengele iko karibu akazikimbiza aya za mwisho. Na yupo afungaye kitabu mapema na kutangaza, "Mwalimu, nimemaliza," ilhali ukurasa mzima bado. Geji ya gari langu ni hawa wawili wa mwisho katika mwili mmoja.

Tuanzie tangini. Ndani ya tangi la mafuta mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafundi wengi huliita floti. (Vijana wa leo humwita mtu mjinga "boya", na sijui kama wamewahi kufikiri kwamba boya ndilo linalowaambia kama watafika nyumbani.) Boya huelea juu ya mafuta. Mafuta yakipungua hushuka, na mkono wake huteleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme unaobadilika. Umeme ukiongezeka au ukipungua, mshale kwenye dashibodi nao husogea. Basi, ni hayo tu. Hakuna lita yoyote iliyopimwa hapo. Kilichopimwa ni kimo cha boya, na sisi tumetakiwa kuamini kwamba kimo ndicho ujazo.

Kimo kingefuatana na ujazo laiti tangi lingekuwa sanduku. Lakini tangi la gari hupewa nafasi iliyobaki baada ya vyombo vingine vyote kuketi: hupindwa kupisha bomba la moshi, hubonyezwa kupisha ekseli, hutanuliwa chini ya kiti cha nyuma. Niliwahi kuliona moja limeshushwa katika gereji ya Masasi, nikalifananisha na kibuyu kilichokaliwa. Sentimita moja ya mafuta karibu na tumbo la kibuyu hicho haiwezi kulingana na sentimita moja karibu na kiuno chake. Zaidi ya hayo, boya hufika darini kabla tangi halijajaa kabisa, na hutua chini kabla halijakauka. Kwa hiyo mshale hukaa kwenye F kwa muda mrefu huku lita za mwanzo zikiungua bila taarifa, na huko chini hulala kwenye E wakati mafuta yangalipo. Magari mapya yana kompyuta inayosahihisha umbo la tangi na kuutuliza mshale usicheze kila mafuta yanapochapa ukutani. Inasaidia, ila boya ni lile lile.

Watengenezaji wanayajua haya yote, na sehemu yake wameikusudia. Pampu ya mafuta katika magari mengi ya siku hizi imo ndani ya tangi, na mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Dereva akizoea kulikausha tangi, pampu hufa mapema. Hivyo E hutangazwa kabla ya wakati wake. Ni uongo wa adabu, kama ule wa mwenyeji wa njiani ambaye ukimuuliza kijiji kiko umbali gani hunyoosha kidevu na kusema, "Hapo tu." Tofauti ni kwamba mwenyeji hukufupishia safari ili usivunjike moyo, na geji hukupunguzia mafuta ili usivunjike shingo.

Niliponunua gari langu, dogo la Kijapani lenye injini ya sisi 1500, lilikuja na kitabu cha Kijapani ambacho sikuelewa humo ila tarakimu. Tarakimu moja ilikuwa 50, lita za tangi. Nikaanzisha daftari. Kila nilipojaza nilijaza hadi pampu ijikate yenyewe, nikaandika lita zilizoingia, kilomita zilizotembewa, na mahali mshale ulipokuwa kabla ya kujaza. Daftari la kurasa 96, la aina ile ile niliyokuwa nikisahihisha. Baada ya mwaka mmoja na ushei nilikuwa na picha hii: kutoka F hadi robo tatu, lita 15. Kutoka robo tatu hadi nusu, lita 12. Kutoka nusu hadi robo, lita 10. Kutoka robo hadi taa ya njano kuwaka, lita 6. Na taa ilipowaka, tangini mlikuwa na lita 7 ambazo geji ilikuwa imekwisha kuzikana.

Washairi wataona mara moja kilichonichekesha. Uso wa geji umegawanywa sehemu nne sawa, kama ubeti wa mishororo minne. Jicho linaahidiwa urari. Lakini hesabu mizani: 15, 12, 10, kisha mshororo wa mwisho umekatwa vipande viwili, 6 na 7, na kipande cha pili hakikuandikwa. Laiti mwanafunzi wangu angeniletea utungo huo ningeuandikia neno moja kwa wino mwekundu: guni. Na hata hivyo magari ya dunia nzima yanaendeshwa kwa guni hilo, na yanafika. Jambo hili limenifanya niwe mpole kidogo katika mjadala wa washika-mizani na waandishi wa mashairi huru, ingawa sijahama kambi.

Hasara ya guni hilo iko wazi. Mtu atokaye Masasi na tangi lililojaa hutembea karibu kilomita 200 kabla mshale haujafika robo tatu, akajisifu kwamba gari lake halili mafuta. Siku ya nne analaumu: gari limeanza kunywa, mafuta yamechakachuliwa, plagi zimechoka. Hakuna kilichobadilika isipokuwa msomaji ameanza kukimbiza aya.

Kisha ipo habari ya mlima. Kutoka Masasi hadi Newala ni kadiri ya kilomita 70. Masasi imekaa chini, katikati ya vilima vyake vya mawe. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini kama mkeka. Safari ya kupanda na ya kushuka si safari moja, japo kilomita ni zile zile. Daftari langu linaonyesha kwamba kupanda hula zaidi ya lita 6, na kushuka hula chini ya 5. Sasa tazama mshale unavyofanya. Katika gari langu boya limekaa upande wa nyuma wa tangi. Tunapopanda, mafuta hukimbilia nyuma, boya hunyanyuka, na mshale hunipongeza wakati hasa injini inapokula kuliko kawaida. Tunaposhuka, mafuta husogea mbele, boya huinama, taa huwaka kabla ya wakati wake wakati injini haitaki karibu kitu. Msafiri anayeangalia mshale tu huwa na matumaini asipostahili na hofu asipostahili.

Magari mapya zaidi huandika kwa tarakimu kilomita zilizobaki, na wengi huiamini namba kuliko mshale kwa sababu namba haitetemeki. Lakini namba ile ni zao la mambo mawili: mafuta ambayo boya limeyakadiria, na wastani wa ulaji wa kilomita chache zilizopita. Haijui kwamba mbele kuna mlima. Nimepata kuketi katika gari la mwalimu mwenzangu tukishuka kutoka Newala, namba ikapanda kadiri tulivyosafiri, naye akafurahi kama mtu aliyegundua njia ya kuzalisha petroli kwa breki. Siku ya kurudi, kwenye mwinuko, namba ile ilianguka kama embe.

Masasi, niseme kwa kupita, si mji mgeni katika habari za maneno. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, ndiye aliyeuongoza msafara wa watumwa waliokombolewa uliopiga kambi hapa mwaka 1876. Lakini katika habari za vipimo, walimu wangu wamekuwa watu wa juu, wa Newala. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua hunyesha na mchanga ukainywa. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alishangaa kwamba watu walichagua kukaa mbali hivyo na maji. Kabla ya mabomba ya kuyapandisha maji kutoka mabondeni, wanawake waliteremka ukingo wa uwanda na kurudi na vyombo kichwani. Na hata baada ya mabomba, nyumba nyingi za Newala zimechimba kisima cha saruji cha kuvunia maji ya bati. Kisima hicho hakina geji. Hufunikwa, na mwenye nyumba hulazimika kujua kilichomo tangu mvua zikatike hadi zirudi, na kiangazi cha kusini ni miezi sita na zaidi.

Basi wamekuwa na njia zao. Kamba yenye jiwe na mafundo. Fito ndefu iliyokatwa alama. Wengine hutupa kijiwe na kusikiliza. Ukifikiri vizuri, methali yetu ya debe tupu kuvuma ilikuwa geji kabla ya kuwa nasaha: unaligonga, linakujibu. Na debe lenyewe, neno lililotujia kutoka Bara Hindi, lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne, lita 18 hivi, kabla halijawa kipimo cha mahindi, mchele na maji. Chombo kilichobeba mafuta kimegeuka kuwa kipimo cha vitu vingine vyote, na mafuta yenyewe sasa tunayapima kwa boya. Vijana wa bodaboda wameurithi ujuzi ule bila kuambiwa: dereva huitikisa pikipiki kati ya mapaja, husikiliza mlio wa tangi, kisha hukuambia kama mtafika. Injini ikianza kukohoa, huinama na kufungulia rizevu. Kwake yeye akiba ni koki. Huigusa kwa vidole.

Usiku mmoja wa mvua za Februari, nikiwa bado nafundisha Newala, jirani aligonga dirisha. Binti yake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na waliokuwa wakimhudumia walisema apelekwe Ndanda. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Mshale wangu ulikuwa umeshuka chini kidogo ya robo. Mahali pa kununua mafuta usiku ule pale juu hapakuwapo. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Kutoka kwetu hadi Ndanda, kwa kupitia Masasi, ni kama kilomita 110.

Nilifungua daftari kwa mwanga wa kurunzi. Chini ya robo: lita 6 kasoro, na 7 za baada ya taa, nilizihesabu 11 ili nisijidanganye. Kushuka hadi Masasi: 5. Masasi hadi Ndanda, lami: 3, tuseme 4 kwa mvua. Jirani alinitazama nikihesabu, bila kusema neno, mkono wake juu ya boneti. Tukaondoka, binti nyuma na mama yake, na mbele kando yangu bibi yake, mwanamke aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa ule.

Taa ya njano iliwaka kwenye mteremko, tukiwa hatujafika nusu ya njia. Bibi aliiona kabla yangu.

"Mwalimu, taa hiyo inasema nini?"

"Inasema tumeingia kwenye akiba, Bibi."

Alinyamaza kidogo. Nyuma, binti aliguna na mama yake akamsemesha kwa Kimakonde. Kisha bibi akauliza, kwa sauti ile ile ambayo angeuliza habari ya kisima chake mwezi wa Oktoba: "Akiba hiyo umeipima, au unaikisia?"

"Nimeipima, Bibi."

"Haya. Endesha."

Tulipofika chini, tambarare ya Mwiti, taa ilizimika kama nilivyotarajia, na ikawaka tena karibu na Masasi, safari hiyo kwa haki. Vituo vya Masasi tulivyovipita vilikuwa gizani. Tuliingia Ndanda saa tisa na robo usiku. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kwa upasuaji kabla jua halijachomoza, na mama yake alipona. Asubuhi nilijaza tangi hadi pampu ilipojikata. Ziliingia lita 46.

Swali la bibi limekaa nami kuliko namba ile. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo katika mazungumzo tunavichanganya ovyo. Kupima ni kukilinganisha kitu na kipimo kilichokubaliwa na watu: lita, mita, kilo. Kukadiria ni kutaja kiasi kwa hesabu na uzoefu. Ndiyo maana Bungeni hupelekwa makadirio ya mapato na matumizi, wala si vipimo vyake. Kukisia ni kujaribu kufika kwenye kiasi kwa dalili chache. Pampu ya kituoni hupima, na Wakala wa Vipimo huikagua kwa chombo kilichothibitishwa. Geji hukadiria. Mtu aliyeketi kiti cha nyuma akachungulia mshale begani mwa dereva hukisia. Sisi tunaoandika tunadaiwa kuvitofautisha, maana sentensi kama "geji inapima mafuta" imewaacha watu wengi porini.

Hata pampu inayopima kwa haki husingiziwa. Tangi la lita 50 laweza kupokea 52, na nimesikia ugomvi mkubwa kwa ajili ya lita mbili hizo. Shingo ya tangi ina ujazo wake, na juu ya mafuta huachwa nafasi ya kutanukia ambayo kitabu hakiihesabu. Anayeshindilia baada ya pampu kujikata huijaza. Petroli nayo hutanuka kwa joto: lita 50 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka karibu nusu lita, bila mtu kuongeza tone.

Lakini kipimo kinachotupoteza zaidi hakimo garini wala kituoni. Ni shilingi. Sikiliza watu kwenye pampu: ni nadra kusikia "lita kumi". Utasikia "weka ya elfu ishirini". EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nazo hutofautiana mji kwa mji. Kwa hiyo "ya elfu ishirini" ya mwezi huu bandarini Mtwara si ile ya mwezi ujao huku Newala. Dereva hutumia rula inayorefuka na kufupika, halafu hushangaa mshale hausimami aliouzoea. Mkulima wa korosho wa hapa hapa, ambaye hakubali kipimo cha bakuli badala ya mizani na akiona mkono wa karani unakaribia mizani hupiga kelele, hununua mafuta ya pikipiki yake kwa chupa ya maji kando ya njia, wala haulizi chupa ni ya ujazo gani.

Limebaki neno moja ambalo ningeomba wasomaji wanisaidie. Zile lita zilizomo tangini baada ya mshale kulala tunaziita "akiba", nami mwenyewe ndivyo nilivyomjibu bibi. Lakini akiba ni kitu ulichokiweka kwa makusudi, ukijua kiasi chake. Hizi hazikuwekwa na dereva, na wengi hawajui ni ngapi. "Mabaki" halifai, kwani hayo ni ya kutupwa. "Salio" lina harufu ya benki na vocha za simu, ingawa lina sifa ya kuhesabika. Nahodha wa Kilwa au mvuvi wa Msimbati huenda ana neno la maji yaliyobaki ndani ya kasiki wakati mtungio hauyafikii tena. Mwenye nalo aniandikie.

Daftari lenyewe limefika ukurasa wa 71, na inabidi nianze upya. Barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala imeingia katika ujenzi wa lami, na namba zangu zote za kupanda na kushuka ni za vumbi, mashimo na gia ya pili. Juma lililopita nimejaza, nimeandika 0 kwenye safu ya kilomita, na nimepiga mstari chini yake.